Mwanafunzi Kutoka Bisil

"Polepole, Kuntai. Hii si ngozi ya ng'ombe."

"Si navuta tu polepole."

"Unavuta kama mtu anafunga gunia. Ona, kitambaa imejikunja yote."

Akaiangalia kazi yake, akatabasamu. Kuntai ana tabasamu la kuchelewa. Linaanza upande mmoja wa mdomo, linasitasita, halafu linafika machoni, na likifika machoni mimi huwa nimeshainama kutafuta sindano ambayo haijapotea.

Tulikuwa barazani kwetu, Kitengela, Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa ile saa ambayo hata punda wa maji husinzia wakiwa wamesimama na mitungi yao mgongoni, na upepo wa mbuga unapita juu ya mabati ukinong'onezana na mtu usiyemwona. Mama alikuwa jikoni. Mimi na mwanafunzi wangu tulikaa kwenye benchi, ubavu kwa ubavu, kwa maana mshono wa mnyororo haufundishwi mkitazamana. Anayekaa mbele yako anaona kila kitu kinyume. Si mimi niliyeitunga kanuni hiyo, lakini aliyeitunga namshukuru hadi leo.

Mikono yake ndiyo iliyonimaliza. Kuntai ni daktari wa mifugo kule Bisil, na mikono yake ni mikubwa, imejaa alama za pembe na kwato. Sindano yangu ya kudarizi ilipotea katikati ya vidole vile. Ungedhani angeivunja. Kumbe aliishika kwa upole kiasi kwamba nilijikuta nikiionea wivu, na mtu mzima akifika mahali pa kuionea wivu sindano, ajue mambo yameharibika.

"Tena," nikamwambia. "Toa sindano kutoka chini. Sasa laza uzi, ushike na kidole gumba. Rudisha sindano pale pale imetokea. Shimo ni ile ile."

"Ile ile."

"Eeh. Sasa itokee mbele kidogo, ndani ya kitanzi. Vuta. Wacha! Usikaze. Kitanzi kilale tu, kiwe na tumbo kidogo."

Kitanzi kikalala. Kilikuwa chekundu juu ya kitambaa cheupe, cha mviringo, kizuri kabisa, na mimi nikasahau kupumua. Kabla sijamsifu, akazungusha uzi kidoleni, akafunga fundo.

"Na hiyo ni nini?"

"Fundo."

"Naona ni fundo. Ya nini?"

"Ndio ishike."

Nikamnyang'anya kitambaa nikakigeuza. Kwa nyuma kulikuwa na mafundo yamejipanga kama kupe kwenye sikio la ndama, moja kwa kila kitanzi. Jumamosi zote hizo nilimsifu kwa uso wa kitambaa, wala sikuwahi kuangalia nyuma.

"Kuntai! Nani alikufundisha hivi?"

"Kwa mnyama ni hivyo," akasema bila haya. "Kila mshono unafungwa peke yake. Akienda kujikuna kwa mti, moja ikikatika, zile zingine zinabaki zimeshika. Ukimshona na uzi mmoja tu, ikatike mahali pamoja, kidonda yote inafunguka."

"Hapa hakuna kufunga. Kila kitanzi kinashikwa na ile inakuja mbele yake."

"Na ya mwisho inashikwa na nani?"

"Ya mwisho unairukia na mshono mdogo, inatulia. Usipofanya hivyo, mtu akivuta uzi, ua lote linaisha kwa mkono."

Akafikiri. Huwa anafikiri kweli, hajifanyi. Akasema, "Nyinyi watu wa vitambaa mnaaminiana sana."

Nilicheka mpaka Mama akachungulia kutoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. "Daktari," akamwambia, "hiyo sindano bado inakushinda? Mwanaume mzima! Mama yako kule Bisil anajua uko huku unashona maua?"

"Anajua, mama. Amesema nikimaliza nimletee."

"Haya. Kuku wangu yule wa kukohoa umwangalie kabla uende."

"Nimeshamwangalia, mama."

Mama akaridhika akarudi kwa sufuria zake. Alimpenda Kuntai hivyo, kwa ajili ya kuku. Kwamba angeweza kuwa mtu wa kupendwa kwa ajili nyingine halikumpitia akilini, na mimi sikumsaidia limpitie.

Tulikutana sokoni Bisil, siku ya mnada, nilipopeleka vitambaa vya viti na wenzangu wa kikundi. Alinunua kimoja, chenye ua jekundu, bila kuuliza bei mara mbili. Baadaye akanitafuta hadi Kitengela na kitambaa chake. Ua lilikuwa limefumuka lote, limebaki shina tu. Alisema limefumuka likioshwa. Nikamwambia kiache, nitakushonea lingine. Akasema hapana, nifundishe, nishone mwenyewe. Tangu hapo Jumamosi zangu zikaanza kuwa na rangi.

Lakini kulikuwa na jambo sijamwambia. Kesho yake, Jumapili, watu wa Kiema, mchumba wangu, walikuwa wanakuja na ntheo.

Kwetu Wakamba msichana hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwao. Gauni jeupe na picha ni mapambo. Mbuzi wakipokelewa, beberu wao akachinjwa, wazee wakala na wewe ukala, basi wewe ni mke wa mtu, na hata ukifa utazikwa kwao. Kiema ana duka la vifaa vya ujenzi Machakos. Hanywi, hapigi kelele, anampigia Mama simu kila Jumatano kumwuliza hali ya mgongo. Nimekaa naye, nimekunywa naye soda, nimemtafuta kosa kwa miezi nikalikosa. Mama aliponiuliza kama waje, nilimjibu, "Sawa, mwaitu," kwa sauti ile ile ninayotumia nikiulizwa kama niongezwe chai.

Nikawa sasa nimekaa ubavuni pa mwanaume mwingine, nikihesabia moyo wangu vitanzi, na sawa yangu imeshapanda gari inakuja.

"Nthenya."

"Mm."

"Nikwambie kitu na usikasirike?"

"Sema."

Hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Ile ua haikufumuka na maji."

"Najua."

"Unajua?"

"Mwisho nilifunga mwenyewe. Ua langu haliendi na sabuni. Mtu alilikata."

"Na mkasi," akasema polepole. "Ile natumia kutoa nyuzi za mbuzi."

"Najua, Kuntai."

"Sasa mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Akanigeukia. Benchi lile ni fupi. Niliona vumbi la barabara kwenye kope zake, na kovu dogo chini ya jicho ambalo sikuwahi kuliona kwa sababu sikuwahi kuthubutu kutazama kwa muda wa kutosha kuliona. Sasa nikatazama. Mbali kule nyuma yake vilima vya Ngong vilikuwa vimelala katika ukungu wa joto, na nyumba za ghorofa zinazojengwa zilikuwa zimenyamaza, na mimi nikaota waziwazi, macho yangu yakiwa wazi. Niliota kibaraza kingine, Bisil, na kikapu cha nyuzi mlangoni, na mtu huyu akirudi jioni ananuka dawa ya kupe, anauliza, Umeshona nini leo? Ni ndoto ndogo. Ilinijaa mwili mzima.

"Nataka kuongea na mama yako," akasema.

"Usiongee leo."

"Kwa nini si leo?"

"Kuntai, kuna kitu..."

Hapo ndipo pikapu ilipopiga honi langoni.

Nilimtambua Mzee Wathome, mjomba wa Kiema, kabla hajashuka. Alikuwa amevaa koti lake la heshima na kofia ya kahawia, na nyuma ya pikapu walisimama mbuzi watatu, majike wawili na beberu mweusi mwenye pembe za kujivunia. Walitarajiwa kesho yake asubuhi. Mzee Wathome ni mtu asiyependa kuchelewa, akaamua mbuzi walale kwetu.

"Hodi wenyewe!" akaita huku akifungua mlango wa nyuma. "Tumefika mapema, msitufukuze!"

Yule beberu hakungoja kukaribishwa. Aliruka. Kamba ikamvuta upande, akaangukia kwenye seng'enge ya ua wetu, akajikurupusha, na tukasikia kitu kinapasuka kama nguo. Aliposimama, ngozi ya paja lake ilikuwa imening'inia na damu inatiririka hadi kwatoni.

Mama alitoka mbio. "Ai! Ai mwaitu! Daktari! Daktari, Mungu ndiye alikuweka hapa leo!"

Kuntai alikuwa ameshafika. Alimshika beberu kwa pembe, akamlaza chini kwa mwendo mmoja, goti lake shingoni bila kumwumiza. "Supa, mzee," akamsalimia Wathome huku akiangalia kidonda. "Haijaingia ndani sana. Ni ngozi tu, na nyama kidogo."

"Mshone, kijana, mshone," Mzee Wathome akahema. "Huyu beberu ndiye nthenge ya ntheo! Wazee watamkagua kesho asubuhi kabla achinjwe. Watasema nini, tumekuja kuoa na mbuzi imepasuka?"

"Kuoa nani?"

"Si huyu hapa. Nthenya. Kwani wewe si mtu wa nyumba?"

Kuntai alibaki akiangalia damu ile inavyotona kwenye changarawe. Halafu akanitazama. Nilitegemea hasira, na ningeipokea, ningesema hasira ni haki yake. Sikuiona. Niliona mtu aliyekuwa anasikia mziki kwa mbali, halafu mtu akauzima. Hilo ndilo lililoniumiza.

"Nileteeni maji moto na chumvi," akasema. "Na mtu wa kushika kichwa."

"Nitashika mimi," nikasema.

Mama akaleta maji, akarudi jikoni kuchemsha mengine. Mzee Wathome aliwafunga majike wawili kwenye mti wa mchongoma, akaketi barazani kujipepea kwa kofia. Mimi nikapiga magoti kwenye changarawe, nikamshika beberu pembe. Kuntai akapiga magoti upande wa pili. Safari hii tulitazamana.

"Ganzi sina leo, imeisha," akasema. "Mshike kweli."

"Nimeshika."

Akafungua mkoba wake wa kazi, akaosha kidonda, akatia uzi kwenye sindano yake ya kupinda. Alichoma, akapitisha, akavuta, akafunga fundo, akakata. Beberu alilia mara moja kisha akanyamaza, anahema kwenye mapaja yangu.

"Ungeniambia," Kuntai akasema chini chini.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Kila Jumamosi."

Akachoma tena. Fundo. Mkasi. "Huyo mtu ni mzuri?"

"Ni mzuri."

"Anakupenda?"

"Sijui. Anampenda Mama."

Kona ya mdomo wake ilitaka kucheka ikashindwa. Akainama zaidi. Aliziunganisha zile kingo mbili za ngozi kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona hata kwa mtu anayetengeneza gauni la bibi harusi, kila mshono umbali sawa na mwenzake, manyoya yakilazwa upande wake ili hata jicho kali lisione.

"Kuntai," nikanong'ona, "ukimshona vizuri hivyo, kesho naolewa."

"Najua."

"Basi si ungemshona tu vibaya."

Akaniangalia kana kwamba nimemwuliza kwa nini jua halizami mapema. "Siwezi kumshona vibaya," akasema. "Mbuzi hajanikosea."

Machozi yaliniteremka hapo, wala sikuyafuta kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeshika pembe. Nilimpenda. Nilikuwa nikimpenda tangu kile kitambaa kilichokatwa, lakini pale magotini, changarawe ikinichoma, nililijua jambo hilo jinsi mtu anavyojua jina lake. Kiema nilimtafuta makosa nikakosa, nikafikiri kukosa makosa ndiko kupenda. Huyu nilimjua kosa lake, kila kitanzi fundo, na nilitaka kuishi nalo.

Mama alirudi na maji, wakasafisha damu iliyobaki. Mzee Wathome akaja kukagua, akavaa miwani, akapapasa paja la beberu.

"Kha!" akasema. "Kidonda haionekani! Kijana, wewe ni fundi. Mama Nthenya, umeona?"

"Nimeona," Mama akasema, na akamtazama Kuntai kwa jicho la shukrani. "Daktari, leo umeokoa nyumba yangu aibu. Kesho uje ule na sisi, usikose."

"Asante, mama."

Alikuwa ameshatoa chupa ya dawa na bomba la sindano kutoka kwenye mkoba. Akaishika ile chupa, akaifikiria, akairudisha.

"Sindano humpigi?" Mama akauliza. "Si yule ng'ombe wa jirani ulimdunga?"

"Kwa kawaida namdunga, kidonda isioze," Kuntai akasema. Aliongea na Mzee Wathome, si na mimi. "Lakini nikimdunga, nyama yake hailiwi karibu mwezi mzima, mpaka dawa itoke kwa damu. Kama mnamchinja kesho, hakuna haja. Mwacheni hivyo. Atafika asubuhi akiwa sawa."

Akafunga mkoba. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumdunga tu, kimya kimya, na kuwaambia baadaye, na hakuna mtu angemlaumu daktari kwa kutibu. Alifunga zipu mpaka mwisho, akasimama, akakung'uta magoti. Kisha akaokota kofia yake kuondoka.

"Mdunge," nikasema.

Wote watatu wakanigeukia.

"Nthenya," Mama akasema, "hujasikia vile daktari amesema? Akidungwa hachinjwi."

"Nimesikia, mwaitu. Mdunge, Kuntai. Huyu mbuzi hachinjwi kesho."

Upepo ulipita. Nilikuwa bado magotini, pembe bado mkononi.

Mzee Wathome akavua miwani taratibu. "Mwanangu, kama ni huruma, nitanunua mwingine. Soko hapa Kitengela haijafungwa."

"Usinunue, mzee. Nakuomba msamaha mbele ya Mama. Hata mkileta zizi zima, mimi sitakula. Kiema hajanikosea kitu. Nitampigia simu mwenyewe leo, asisikie kwa mtu mwingine. Nilisema sawa na moyo wangu haukuwa hapo, na kosa ni langu."

Mzee alinitazama, akamtazama kijana mwenye mkoba, na nadhani aliona kila kitu, kwa sababu alivaa kofia yake akaenda kuwafungua wale majike wawili kwenye mchongoma awarudishe kwenye pikapu, mgongo wake umenyooka.

"Ni huyu?" Mama akaniuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Ni huyu."

"Mmaasai?"

"Ako na jina, mwaitu. Kuntai."

"Najua jina lake! Nimempikia!" Akajishika kiuno, akageukia upande wa barabara, akanigeukia tena. "Utaenda kukaa Bisil? Na vumbi na ng'ombe? Nani wa kwetu ataongea na watu wake? Na mimi nitamwambia nini mama ya Kiema kanisani?"

"Sijui, mwaitu."

"Hujui! Na wewe daktari, ndio maana ua moja inashonwa Jumamosi tano?"

Kuntai alikuwa amevua kofia tena. "Ndio, mama," akasema. "Nilitaka kuongea na wewe leo. Nthenya akaniambia nisiongee."

"Sasa umesimama hapo tu kama mlingoti! Si ameshakwambia umdunge?"

Akafungua mkoba. Akavuta dawa kwenye bomba, akapiga magoti mbele yangu. Nami nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona. Mkono ule mkubwa, uliopitisha uzi kwenye nyama hai bila kuyumba, ulifika kwenye shingo ya beberu ukasimama. Alinitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Umesema kwa sababu ya mbuzi, ama kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yangu," nikamwambia. "Na yako."

Beberu alianza kujikurupusha. Pembe moja ikaniponyoka. Kivuli kikatuangukia. Mama alipiga magoti kwenye changarawe kando yangu, na leso yake nzuri ya jikoni, akazishika zile pembe zote mbili kwa mikono yake miwili.

"Mimi sijakubali kitu," akasema bila kumwangalia yeyote kati yetu. "Mnisikie vizuri. Sijakubali. Lakini mdunge, msichana wangu ameshasema."